Maji ya Siku Tatu kwa Siku Moja

Vijana wa parokia, daftari mliloniletea nimelipokea, na kalamu mbili mlizozifunga kwa utepe pia. Mmeniomba nikuandikieni kurasa chache juu ya kazi yangu na jinsi nilivyodumu katika sala miaka yote hiyo, na aliyeleta daftari akasisitiza kwamba mnataka maneno ya kutia moyo. Kwa sasa sina. Nilicho nacho ni hasira, na kwa kuwa mmeomba wenyewe, mtaisoma kama ilivyo. Ikibaki nafasi mwishoni nitakutieni moyo.

Kwa wasionijua, mimi ni Agnesi, wa Mwera, yule bibi anayekaa benchi la nyuma kanisani kwa sababu ya magoti. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia miche ya mikarafuu katika kitalu kimoja upande wa Kizimbani. Niliianza sijaolewa, nikaiacha nikiwa na mjukuu anayejua kusoma. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya kushika mpira wa maji na kungoja mshahara. Wapo hata waliowahi kuniuliza kama kweli nililipwa kwa hilo.

Mkarafuu ni mti wa kudeka. Mbegu yake huwezi kuiweka kabatini hadi utakapopata nafasi, ikikauka imekufa. Unaipanda ikiwa mbichi, chini ya kivuli cha makuti, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki wenye udongo na samadi iliyooza vizuri. Mifuko ile tukiiita viriba. Kisha unangoja. Unangoja mwaka, pengine miwili, na mche wenyewe haujapita goti. Muda wote huo hakuna anayekuja kukupigia makofi. Anayetaka kazi ya kupigiwa makofi akalime mchicha.

Aliyenifundisha ni Mwanajuma, msimamizi wa kitalu, mwanamke mfupi kutoka Makunduchi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alinizidi miaka michache tu, lakini alinifundisha kama mtoto. Siku ya kwanza alinishika kidole cha shahada akakizamisha ndani ya kiriba mpaka kiungo cha kwanza.

"Udongo ukikunatia, usimwage kitu. Ukiwa mkavu, mwaga kopo moja. Kopo lenyewe hili."

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga alilolitoboa matundu kwa msumari. Kopo moja, asubuhi, jua halijapanda. Jioni unapita tena na kidole chako, unatazama. Nikamwuliza kama hakuna zaidi ya hapo, maana nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili na nilidhani kazi ya serikali itakuwa na ugumu wake.

"Zaidi lipo," akasema. "Kesho uje ufanye tena."

Tulikuwa na mapatano yetu mimi na yeye, hayakuandikwa popote. Ijumaa mchana na sikukuu za Idi kitalu kilikuwa changu. Jumapili asubuhi, Krismasi na Pasaka kilikuwa chake. Ramadhani nilimbebea ndoo za mchana ili apumzike kivulini. Kwaresima hakuwa na la kunibebea, akabaki kunichunga, na Jumatano ya Majivu moja alinikuta natafuna mhogo wa kukaanga nimesahau kabisa, majivu yangali kwenye paji la uso. Aliwasimulia wafanyakazi wote. Mpaka leo akiniona na mhogo huniuliza kama leo ni halali.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilikuwa kijana kama nyinyi, na moto wangu ulikuzidini. Kulikuwa na kongamano la maombi kanisani Mji Mkongwe, Ijumaa mpaka Jumapili, na mimi nilijiona nitapotea kama nitakosa hata kipindi kimoja. Wiki hiyohiyo Mwanajuma akafiwa na shangazi yake, akaenda msibani Makunduchi, akaniachia kitalu siku zote tatu. Ningeweza kumwambia shida yangu kabla hajaondoka. Ningeweza kumwomba mlinzi wa langoni anisaidie. Ningeweza kumwagilia alfajiri nikafika mjini saa nne, nikakosa nyimbo za kufungulia na dunia isiishe. Lakini kufika katikati ya kipindi niliona ni ulegevu wa imani. Kwa hiyo Alhamisi jioni nilimwaga makopo matatu katika kila kiriba, ya siku tatu zijazo. Viriba vikafurika. Nikavipigia ishara ya msalaba, nikaenda zangu kuomba.

Jumatatu nilirudi sauti imekauka kwa kuimba. Miche ilikuwa ya kijani, inang'aa. Nakwambieni kweli, ilipendeza kuliko siku nyingine yoyote. Nikauita muujiza. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikautolea ushuhuda, kwamba Mungu humtunzia kazi yake yule anayemtanguliza, na watu wakapiga makofi.

Wiki ya pili majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Wiki ya tatu miche ikaanza kulala, mmoja leo, mitano kesho. Mwanajuma akauchomoa mmoja, akaupangusa udongo, akanisogezea mzizi puani.

"Nusa."

Nikanusa. Ulikuwa unanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika mezani.

"Lini ulimwaga maji mengi?"

"Ulipokuwa msibani. Nlimwaga ya siku tatu kwa mara moja."

"Kwa nini?"

"Nlikuwa kwenye maombi."

"Maombi gani hayo ya kuua miche ya watu? Hukunambia kwa nini? Ningemwachia mtu mwengine." Akautupa mche kwenye ndoo ya taka. "Mche haunywi ya kesho, Agnesi. Hata ukiupigia magoti."

Matuta mawili mazima ya viriba yalikufa. Miche ile ilikuwa ya mzee mmoja wa Mangapwani aliyekuwa ameiagiza tangu mwaka uliopita, na Mwanajuma akakataa kumpelekea habari. Alinituma mimi. Mzee yule hakunitukana. Alinichukua shambani kwake akanionesha mashimo aliyokwisha kuyachimba, ameyajaza majani makavu yaoze, mstari baada ya mstari. "Mashimo yatakuwepo mwakani," akasema. "Mimi ndiye sijui." Nilirudi kwa miguu mpaka barabara kuu nikilia, na siku hiyo sikutoa ushuhuda kwa mtu.

Mtasema hayo ni mambo ya miche. Basi sikilizeni sala yangu ilivyokuwa wakati uleule. Niliamua niamke saa kumi alfajiri niombe saa nzima kwa machozi, kwa kuwa niliambiwa sala isiyo na machozi haifiki. Siku ya kwanza niliweza. Ya pili nilisinzia nikaamka na alama ya mkeka shavuni. Ya tatu sikuamka. Nikajiona mwasi, nikaona aibu hata kusali kabla ya kula, nikakaa wiki mbili kavu kabisa. Kisha likaja kongamano jingine, nikajazwa upya, nikaanza tena saa kumi. Hivyo hivyo kwa miaka. Mafuriko, ukame, mafuriko, ukame. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi ukingo ule niliujua kila jiwe lake.

Wakati huo Mwanajuma, ambaye mimi kwa kiburi changu nilimhesabu kuwa ndiye anayehitaji kuombewa, hakuwa na mbwembwe yoyote. Adhana ya adhuhuri ikisikika kutoka msikiti wa barabarani, alifunga bomba, akatawadha, akaingia kibanda cha majembe, akasali, akatoka. Maji ya chai niliyoyaacha jikoni yalikuwa hayajachemka. Akaendelea na kazi palepale alipoachia. Alifanya hivyo akiwa mgonjwa, alifanya hivyo akiwa amegombana na mumewe, alifanya hivyo siku ambayo aliniambia wazi kwamba hana hamu.

"Usipokuwa na hamu unasalije?" nikamwuliza.

"Hamu ya nini? We miche unaimwagia siku za hamu tu?"

Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaanza kitu kidogo mpaka nikaona haya kukiita sala. Kopo la kwanza la asubuhi, Baba Yetu moja. Mwanajuma akienda kusali adhuhuri, nami nikae juu ya ndoo niliyoifudikiza, mstari mmoja wa zaburi, niurudie taratibu mpaka atoke. Jioni tukiosha makopo, kopo moja jina moja: mama yangu, mume wangu, bosi wetu aliyenichukia, yule mzee wa Mangapwani. Makopo yakiisha, sala imeisha. Mambo marefu niliyaacha Jumapili yawe ya Jumapili. Nikiruka siku, na niliziruka, kesho yake nilianza na kopo moja lilelile. Sikumwaga mawili kufidia.

Mzee mmoja wa kanisa alizipata habari hizo akaniita pembeni. Aliniuliza, uso umekunjamana, kama ni kweli nasali kwa adhana. Nikamjibu kwamba nasali kwa Yesu, adhana inaniambia saa tu, na kama anaona vibaya aninunulie saa ya mkono. Hakuninunulia. Nilisali hivyo mpaka nilipostaafu, na ndiyo siri mliyoitaka kwenye daftari lenu. Ni fupi, najua. Mlidhani nitakuja na kitu kikubwa.

Niongeze na hili la mashine. Miaka yangu ya mwisho waliletwa vijana wenye elimu yao, wakatufungia mabomba ya kunyunyiza yenye saa ndani. Ikifika saa kumi na mbili na nusu maji yanatoka yenyewe. Nilifurahi, mgongo wangu ulifurahi zaidi. Kisha ikaja masika, mvua ile ya kushinda inanyesha, nikafika kazini na mwavuli wa mgomba kichwani, nikakuta mabomba yanamwagilia ndani ya mvua. Nikamwambia kijana wa zamu ayafunge. Akaniambia ratiba ni ratiba, imepangwa na mtaalamu. Nikamshika kidole, nikakizamisha kwenye kiriba. Kilitoka kinachuruzika matope. Alikwenda kuyafunga.

Sasa nimefika kwenye hasira yenyewe.

Mjukuu wangu Tumaini mnamjua, maana mlimwandika. Anaishi nami tangu mama yake alipohamia Dar es Salaam. Anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Mji Mkongwe, wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya mchana, na siku nzima anatakiwa acheke na wageni. Mwaka jana mlipoanza ratiba yenu ya siku arobaini, aliileta nyumbani imechapwa kwa rangi akaibandika kwenye friji. Sala ya pamoja kwa simu saa kumi alfajiri, saa nzima. Kufunga mpaka magharibi. Sura kumi za Biblia kwa siku. Kikao cha jioni. Jumamosi kuzunguka kwenye yale majumba mapya ya Fumba kuwaalika watu ibadani. Na kila jioni, kwenye kundi la simu, orodha ya majina: alama ya kijani kwa aliyetimiza, nyekundu kwa aliyekosa, na chini yake, "Tunakukumbusha kwa upendo." Ningependa kumjua aliyelileta neno upendo mahali pale. Ningependa anitazame usoni alieleze.

Na mimi siwezi kujitoa. Niliiona ile karatasi kwenye friji nikafurahi. Mimi ndiye niliyemwamsha saa kumi, nikimtikisa bega. Kwenye umoja wa akina mama nilijigamba kwamba mjukuu wangu ana kijani tupu. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, na mimi nikaita hiyo ni nuru. Mimi, niliyewahi kunusa mzizi uliooza, nilitazama majani tu. Kwa hiyo msidhani nakukaripieni nyinyi peke yenu. Nyinyi mna udhuru wa ujana, mimi sina hata huo.

Siku ya ishirini na moja alianguka pale mapokezi, mbele ya wageni waliokuwa wakingoja funguo. Daktari alimwuliza amekula nini na amelala saa ngapi, kisha akasema dawa yake ni kula na kulala. Nikampeleka nyumbani. Jioni simu yake ilikuwa mikononi mwangu, yeye amelala fofofo. Jina lake lilikuwa limepata nyekundu. Chini yake mmoja wenu ameandika: "Adui anapigana nawe dada, usilegee, zimebaki siku kumi na tisa." Nilitaka kuitupa simu kisimani. Haikuwa yangu, nikaiweka chini.

Wiki nzima alilala ndani. Nyinyi ni watu wangapi katika kundi lile? Hakuja hata mmoja. Aliyekuja ni Mwanajuma, magoti yake mabovu kuliko yangu, na mkungu wa ndizi aliobebewa na dereva wa bodaboda. Alikaa kitandani kwa Tumaini mchana kutwa, akamsimulia ile habari ya mhogo na majivu, akamlisha uji. Hakumwuliza lolote la Mungu. Sijui kama mnajua maana ya jambo hilo: Mkristo mwenzenu ameuguzwa na Mwislamu kwa sababu nyinyi mlikuwa na ratiba.

Alipopata nguvu, Tumaini aliibandua karatasi, akajitoa kwenye kundi, akarudi kazini. Jumapili nikamkuta bado yuko kitandani. Nikamwambia tutachelewa.

"Bibi, mie siendi," akasema. "Nmejaribu. Siwezi. Labda Mungu ni wa watu wenye nafasi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kushika. Tangu siku hiyo hakusali hata kabla ya chakula, na Biblia yake aliiweka juu ya kabati, kule tunakoweka sahani za wageni. Msichana huyu ndiye aliyekuwa akiniombea magoti yangu akiwa na miaka sita, kila goti na sala yake, la kulia kwanza. Niliogopa kwamba nimempoteza, na kwamba nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe uliomtikisa bega.

Nilianza vibaya. Nilimhubiria. Nilimletea mfano wa huyu na wa yule, nikampigia simu mama yake naye akamhubiria kutoka Dar. Tumaini alisikiliza kwa adabu, akaosha vyombo, akaingia chumbani. Baada ya mwezi mmoja nilijionea aibu. Udongo umejaa maji mpaka unatoa mapovu, na mimi bado namwaga.

Nikanyamaza. Asubuhi, nikimmiminia chai kabla hajaenda zamu, nilisema Baba Yetu moja kwa sauti yangu ya kawaida, birika mkononi, nikaishia hapo. Sikumwambia afumbe macho. Sikumtazama kama amefumba. Zamu yake ikiwa ya mchana, nilisema mchana, kabla ya wali. Alikuwa akiendelea kupaka mkate siagi au kusoma simu. Ilinibidi nijiume ulimi kila siku, maana mimi ni mtu wa maneno, na mnaliona hilo. Ikapita miezi. Mche haujapita goti, nikajiambia, na wewe Agnesi umeshazoea hilo.

Wiki iliyopita akaja mwenyekiti wenu.

"Shikamoo, Bi Agnesi."

"Marahaba. Kaa kitako."

Hakukaa. "Tumesikia Tumaini hajambo sasa. Jumapili tunafunga ratiba ya mwaka huu, tukaona atoe ushuhuda, namna alivyoanguka akainuka. Utawajenga wengi."

"Nani kakwambia kainuka?"

"Si kapona?"

"Kapona mwili. Mlipomwekea nyekundu, nani alikuja kumtazama?"

"Tulimwombea, Bibi. Kila siku."

"Mkiwa wapi?"

"Kwenye kundi."

"Nyumba yangu haina geti wala mbwa. Mwanajuma kafika na magoti yale."

Hapo nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika kwenye daftari lenu. Alisimama akayapokea yote. Nilipoishiwa pumzi, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimechoka, Bibi. Tangu ianze sijalala vizuri. Lakini mwenyekiti akipata nyekundu, itakuwaje?"

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa makubwa vilevile. Nikamvutia kiti na safari hii akakaa, nikampa chai na maandazi, akala manne, akasinzia palepale mezani. Nilimwacha alale. Alipoamka alikuwa amekosa kikao cha jioni, akaondoka mbiombio, na nina hakika alijiwekea nyekundu mwenyewe.

Mnamjua ni nani, na sitaki mmseme. Nataka muifute ile orodha. Asubuhi chagueni kitu kimoja kidogo ambacho mwenye zamu, mwenye mtoto mchanga na mwenye homa wote watakiweza, mkifunge kwenye kazi ambayo mtu angeifanya tu: kufunga viatu, kuwasha jiko, kufungua duka. Aliyekosa leo aanze kesho kwa kilekile kidogo. Asiyeonekana afuatwe nyumbani, na atakayemfuata abebe ndizi. Hayo yakikushindeni, msiniletee tena daftari.

Mwenyekiti alipoondoka hasira haikuondoka naye. Niliamka nayo asubuhi. Nilichemsha chai nimenuna, nikaimimina kimya, nikakaa kuitazama. Tumaini alikunywa yake, akabeba mkoba, akafika mlangoni akasimama.

"Bibi."

"Naam."

"Leo hujasali."

"Nna hasira."

"Na mie nna zamu. Sali basi, gari itanacha."

Nikaanza. Nilikuwa nasema haraka kwa ajili ya gari lake, nusura nisahau maneno niliyoyasema maisha yangu yote. Nilipofika kwenye riziki ya leo nikasikia sauti ya pili, ya chini, inayoniongoza. Sikugeuka. Tukaenda pamoja mpaka mwisho, na amina yake aliisema akiwa ameshainama nje anafunga kiatu.